Mtu Mmoja, Makazi Mawili: Huduma ya Afya Imfuate Mhamaji

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 ndio uliowekwa kuwa kipimo cha Sensa ya Watu na Makazi: kila mtu aliyekuwamo nchini alihesabiwa mahali alipolala. Hesabu ilipokamilika, Tanzania ilikuwa na watu 61,741,120, kutoka 44,928,923 waliohesabiwa mwaka 2012. Ongezeko hilo la asilimia 3.2 kwa mwaka, likiendelea vivyo hivyo, huifanya idadi ya watu kuwa maradufu katika muda wa miaka ipatayo 22. Mkoa wa Shinyanga ulitoka watu 1,534,808 ukafikia 2,241,299. Mkoa jirani wa Geita, ulioanzishwa mwaka huohuo wa 2012, ulipanda kutoka watu 1,739,530 hadi 2,977,608, sawa na asilimia 5.4 kwa mwaka. Kwa mwendo huo, miaka 13 ingetosha kuwafanya watu wa Geita kuwa maradufu. Uzazi peke yake hauelezi kasi ya namna hiyo. Wako watu waliotoka kwingine wakahamia.

Takwimu hizo ni hazina ya taifa, na hakuna mpango wa afya unaoweza kuandikwa bila hizo. Hata hivyo, ziko kimya juu ya jambo ambalo mhudumu yeyote wa zahanati ya kijijini katika ukanda huu analijua bila kuambiwa. Agosti ni kiangazi. Shinyanga hupata mvua zake kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Mavuno ya mpunga, mtama, mahindi na pamba yakishaingia, mashamba hulala, na ndipo vijana hufunga mizigo kwenda machimboni. Kijana wa Samuye aliyelala Nyarugusu usiku ule aliongeza hesabu ya Geita. Ilipofika Desemba, kijana huyohuyo huenda alikuwa kwao, jembe mkononi, akitibiwa malaria kwa dawa iliyoagizwa kwa makadirio yasiyomhesabu.

Ni kweli kwamba sensa iliuliza pia mahali pa kuzaliwa na makazi ya kawaida ya mtu. Lakini bajeti, mgao wa dawa na ikama ya watumishi hufuata idadi moja isiyosogea, pamoja na makadirio yanayozaliwa na idadi hiyo, hadi sensa nyingine ifanyike miaka kumi baadaye. Hoja ya makala haya inaanzia hapo. Sera ya afya ya Tanzania imejengwa juu ya mtu anayekaa mahali pamoja, ilhali katika ukanda wa dhahabu mamia ya maelfu ya watu wanaishi mahali pawili. Kosa hilo la kimpango linagharimu maisha, na linaweza kurekebishwa.

Mwendo wenye historia

Samuye ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga, katika njia inayotoka mjini Shinyanga kwenda Tinde. Hapo Tinde barabara hugawanyika: mkono mmoja huelekea Nzega na Tabora, mwingine hupita Isaka na Kahama, na kutoka huko msafiri huweza kushika njia ya Kakola mpaka Geita. Mtu aliyekulia karibu na njia kama hiyo haoni safari kuwa jambo la ajabu, na wazee wake hawakuliona hivyo pia. Wakati wa ukoloni wanaume wa Usukuma walikwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge. Mwaka 1940 John Williamson alipogundua almasi Mwadui, kazi ya migodini ikafika karibu na nyumbani. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ikazihamisha kaya na kuzikusanya upya.

Kuanzia miaka ya 1970 wafugaji wengi walielekea kusini na magharibi, wakavusha ng'ombe zao hadi Usangu, bonde la Kilombero na bonde la Rukwa. Hawakuondoka kwa kupenda kutangatanga. Misitu ya Shinyanga ilikuwa imefyekwa kwa miongo kadhaa, kwanza ili kumfukuza mbung'o, kisha kupanua mashamba ya pamba, huku mifugo ikiongezeka juu ya ardhi iliyochoka. Ndiyo maana mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI, na kuurudishia heshima utaratibu wa kale wa ngitili, yaani malisho yanayofungwa kwa msimu ili nyasi na miti vipate kupumzika. Kazi hiyo ilifufua maeneo makubwa ya uoto. Haikuweza, hata hivyo, kumpa ardhi mpya kila mtoto aliyezaliwa.

Kisha ikaja dhahabu kwa upana wake wa sasa. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009, kabla Buzwagi haujafungwa mwaka 2021. Kandokando ya migodi hiyo, na mahali pengi pasipokuwa na mgodi mkubwa, maduara ya wachimbaji wadogo yameenea: Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu upande wa Geita, Mwime na Mwabomba upande wa Kahama, na Mwakitolyo ndani ya Wilaya ya Shinyanga yenyewe. Dhahabu ikisikika imetoka mahali, watu humiminika katika kile wachimbaji wanachokiita rashi. Mji wa maturubai huota ndani ya wiki mbili, nao huweza kutoweka kwa upesi uleule mawe yakikosa rangi.

Ugonjwa haubaki machimboni

Achukuliwe kijana wa mfano, mwenye umri wa miaka 24, aliyeondoka katika mojawapo ya vijiji vya Samuye mwezi Juni. Anafanya kazi ndani ya duara, akichoronga mwamba mkavu, au kwenye karasha linalosaga mawe kuwa unga. Kila saa anavuta hewa yenye chembe za silika ndogo mno, zinazopita pua na koo hadi kwenye mapafu. Kitambaa alichofunga mdomoni huzuia vumbi analoliona. Lile linaloua hupita. Baada ya miaka kadhaa chembe hizo huacha makovu katika mapafu, na huo ndio ugonjwa unaoitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya, na huweza kuendelea kumdhoofisha mtu hata baada ya kuacha uchimbaji. Mapafu yenye silika hushambuliwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko mapafu mazima, na mtu huyo akiwa pia na Virusi vya UKIMWI, hatari hizo huongezana nguvu.

Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi sita: miwili ya dawa nne, kisha minne ya dawa mbili. Muda huo ni mrefu kuliko msimu mmoja wa rashi. Kijana anayeanza dawa Geita mwezi Septemba atakuwa shambani Samuye kabla hajamaliza, na yule anayeanzia Samuye mwezi Machi atakuwa ameondoka kabla ya dozi ya mwisho. Mpango wa Taifa wa kudhibiti kifua kikuu unazo fomu za kumhamisha mgonjwa kutoka kituo kimoja hadi kingine. Tatizo ni kwamba mchimbaji mara nyingi haagi. Husikia saa tatu usiku kwamba dhahabu imepatikana mahali, na alfajiri yuko juu ya gari. Rejista ya kituo cha kwanza humwandika kuwa amepotea, rejista ya kituo cha pili humwandika kuwa mgonjwa mpya, na vimelea vilivyokwisha kuonja dawa hupata nafasi ya kujifunza kuishinda. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu. Katika nchi kama hiyo, kila dozi inayokatika njiani ni hasara ya taifa zima.

Hali ya VVU haitofautiani sana. Dawa za kufubaza virusi zinamezwa kila siku, maisha yote. Mteja aliyesajiliwa katika kituo cha tiba na matunzo karibu na kwao, akiwa mbali na bila barua ya uhamisho, huogopa kuanza upya mbele ya watu asiowajua. Huona afadhali akae wiki tatu bila dawa kuliko kueleza hadithi yake tena. Naye mama mjamzito anayeuza chakula machimboni huwa amehudhuria kliniki mahali pawili au patatu, na kadi yake ikipotea katika turubai lililonyeshewa, mkunga anayempokea usiku hana namna ya kujua kundi lake la damu wala matokeo ya vipimo vyake.

Zebaki nayo husafiri. Mchimbaji huchanganya zebaki na unga wa mawe ili ishike dhahabu, kisha huichoma na kuigeuza mvuke. Wapo wanaoichomea ndani ya nyumba, jikoni, karibu na watoto. Mvuke huo hudhuru ubongo na figo, na humdhuru zaidi mtoto aliye tumboni. Mtu anayetetemeka mikono na kusahau majina ya jamaa zake, akirudi kijijini, aweza kudhaniwa kuwa amerogwa, kwa sababu hakuna aliyemwuliza alikuwa akifanya kazi gani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki. Mkataba huo utakuwa na maana kijijini pale ambapo mganga wa zahanati atakuwa na swali la zebaki katika mazungumzo yake na mgonjwa.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kijana huondoka akiwa mzima, na nguvu zake hutumika kwingine. Akiishiwa pumzi, hurudi kwao. Machimbo hayana wazee, wala hayana wodi ya wagonjwa wa muda mrefu. Wazee na wagonjwa wako Samuye.

Fedha huku, wagonjwa kule

Hapo ndipo sera inapaswa kutazamwa kwa jicho la haki. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inairuhusu halmashauri kutoza ushuru wa huduma unaokokotolewa kwa mapato ghafi ya makampuni. Ushuru unaotokana na mgodi mkubwa huingia katika halmashauri ulimo mgodi: Geita kwa mgodi wa Geita, Msalala kwa Bulyanhulu. Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya mwaka 2017, inamtaka pia mwenye leseni kuandaa mpango wa wajibu wake kwa jamii kwa kushauriana na mamlaka za mahali alipo. Utaratibu huo ni wa haki kwa wanaoishi na mashimo, kelele na vumbi. Lakini haumjui mtu aliyetoa nguvukazi yake na kurudi nyumbani, kilomita mia moja na zaidi kutoka mgodini, akiwa na mapafu yaliyokakamaa.

Kijiji kilichomzaa mchimbaji kilimpa chanjo, kikamfundisha kusoma na kumlisha hadi akapata nguvu. Nguvu hizo zikaingizwa katika hesabu ya eneo jingine. Ugonjwa ndio unaorudi kwenye hesabu ya kijiji. Katika mgawo wa fedha za afya kwa halmashauri, idadi ya watu ndiyo yenye uzito kuliko vigezo vingine, na idadi hiyo, kama ilivyoelezwa, ilichukuliwa kiangazi. Halmashauri inayopeleka wachimbaji huweza kupoteza mara mbili: wakati watu wake wanapohesabiwa kwingine, na wakati wanaporudi wakihitaji huduma iliyo ghali.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo, na magonjwa yatokanayo na kazi yamo katika wajibu wake. Msingi wa mfuko huo ni mwajiri anayechangia kwa ajili ya mwajiriwa wake. Mchimbaji mdogo halipwi mshahara. Hupata mgao wa mifuko ya mawe, leo kwa mwenye duara huyu, kesho kwa yule. Hana mkataba, na kwa hiyo hana mlango wa kuingilia.

Kusini mwa Afrika kuna funzo linalofaa kusomwa kwa makini. Kwa zaidi ya karne moja migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini ilichukua wanaume kutoka Lesotho, Msumbiji, Eswatini na mikoa ya vijijini ya nchi hiyo yenyewe, ikawarudisha makwao wakiwa na silikosisi na kifua kikuu. Mwaka 2019 mahakama mjini Johannesburg iliidhinisha makubaliano ya fidia kati ya wachimbaji na makampuni sita. Mfuko ulioundwa kuyatekeleza, uitwao Tshiamiso, ulilazimika kuanza kuwatafuta watu waliotawanyika katika vijiji vya nchi kadhaa, wengi wao wakiwa wamekwisha kufa, na wengine wakiwa hawana karatasi yoyote ya kuthibitisha walikofanya kazi. Taifa lisiloandika mwendo wa wafanyakazi wake leo litalipa gharama ya kuwatafuta kesho, na wakati huo wengi hawatapatikana.

Wanaobaki

Uhamaji hubadili pia maisha ya wasiosafiri. Katika kaya ambayo baba na kijana mkubwa wako machimboni, mama ndiye anayelima, anayechunga na anayeamua, lakini si kila mara anayeruhusiwa kuamua. Mtoto akipata degedege, uamuzi wa kuuza mbuzi ili kupata nauli ya hospitali husubiri simu ipatikane upande wa pili. Bibi mwenye shinikizo la damu hubaki na wajukuu wanne. Sensa ya 2022 ilionyesha kwamba wastani wa watu katika kaya umeshuka hadi 4.3 kutoka 4.7 mwaka 2012. Kushuka huko husomwa mara nyingi kama dalili ya uzazi kupungua. Katika ukanda wa machimbo kuna kaya ambazo zimekuwa ndogo kwa sababu zimegawanyika, nusu chini ya bati na nusu chini ya turubai.

Uzazi wa mpango nao huguswa. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa mwanamke wa Tanzania huzaa wastani wa watoto 4.8: mjini 3.6, kijijini 5.5. Mume anapoondoka, mke huona hakuna haja ya kuendelea na sindano ya kila miezi mitatu, na pengine huogopa kuulizwa anaitumia kwa ajili ya nani. Mume hurejea bila taarifa. Mimba inayofuata haikutokana na ujinga wala ukaidi. Imetokana na ratiba ya kliniki isiyoifahamu ratiba ya mgodi. Mtoa huduma anayejua hivyo atamweleza mama mapema juu ya kijiti au kitanzi, njia zinazodumu kwa miaka bila kuhitaji kurudi kila msimu, na ataheshimu jibu lake.

Kuzuia hakujawahi kufaulu

Wapo wanaosema kwamba dawa ya yote haya ni kuzuia uhamaji: vijana wabaki vijijini, wafugaji warudishwe walikotoka. Historia ya nchi haiungi mkono matumaini hayo. Mwaka 1983 ilipitishwa Sheria ya Nguvukazi, na watu walioonekana hawana kazi mijini walikamatwa na kurudishwa vijijini. Wengi wao walirejea mijini. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu kwa nguvu, mifugo mingi ikafa njiani, na wengi wa waliosalimika wakaibukia Lindi, Pwani na Morogoro. Mtu anayefukuzwa hatoweki. Anajificha, na mtu anayejificha hafiki kliniki.

Wapo pia wanaosema kwamba tatizo ni wingi wa watoto peke yake, na kwamba uzazi ukipungua mengine yatajipanga. Hoja hii ina ukweli ndani yake, kwa kuwa ardhi ya Shinyanga haiongezeki, na mama mwenye uhuru wa kupanga uzazi hulea watoto wenye afya zaidi. Lakini vijana watakaoingia machimboni miaka kumi na mitano ijayo wamekwisha kuzaliwa. Hata uzazi ukishuka leo, mwendo wao utaendelea, na daraja la John Magufuli la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeufanya uwe mwepesi zaidi kwa upande wa Mwanza na Geita. Sera yenye busara huandaa huduma kwa ajili ya watu wanaosafiri, badala ya kusubiri wasiwepo.

Hoja ya tatu ina uzito zaidi. Inasemwa kwamba halmashauri hazina fedha wala watumishi wa kutosha kwa wakazi wanaojulikana, sembuse wasafiri. Ni kweli. Lakini msafiri asiyehudumiwa haipunguzii halmashauri gharama. Kifua kikuu kilichotibiwa nusu hurudi kikiwa sugu, na kifua kikuu sugu humhitaji mgonjwa ameze dawa ghali zaidi na kuangaliwa kwa karibu zaidi. Kinachookolewa leo hulipwa mara nyingi baadaye.

Yanayopaswa kufanywa

La kwanza ni hesabu. Kila kijiji kina Ofisa Mtendaji mwenye wajibu wa kutunza rejista ya wakazi, na tangu mwaka 2024 serikali imekuwa ikitekeleza mpango wa kitaifa wa kuwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Watu hao wawili wakikaa pamoja mara mbili kwa mwaka, mwezi Februari na mwezi Agosti, wataweza kuandika nani yupo, nani ameondoka, na ameelekea upande gani, bila kumtisha wala kumdai mtu. Idadi ya msimu wa mvua na ya kiangazi zikijulikana, Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri unaweza kuagiza dawa kwa misimu miwili. Samuye, iliyoko katika njia ya wasafiri, inafaa kuwa miongoni mwa mahali pa kuanzia. Taarifa hizo zisitumiwe kwa kodi wala kwa msako, la sivyo mwaka wa pili hakuna atakayesema ukweli.

La pili ni kumbukumbu za mgonjwa. Vituo vingi vya umma sasa vinatumia mifumo ya kielektroniki, ukiwamo GoTHoMIS. Mifumo hiyo itimize ahadi yake kwa kuunganishwa, ili mgonjwa wa kifua kikuu aliyeanza dawa Nyarugusu aonekane Samuye kwa namba yake, huku usiri wake ukilindwa kama Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inavyoagiza. Hadi hapo, karatasi itumike vizuri: nakala ya kadi ibaki na mgonjwa, na namba ya simu ya kituo iandikwe kwa wino juu yake.

La tatu ni fedha. Serikali Kuu hupokea mrabaha wa dhahabu, na tangu masoko ya madini yalipoanza mwaka 2019, la Geita likiwa la kwanza, dhahabu ya wachimbaji wadogo nayo imeanza kuonekana katika vitabu vya serikali. Sehemu ya mapato hayo itengwe kwa ajili ya afya ya wachimbaji popote wanapoishi, si pale tu wanapochimba. Fedha hizo zinunue mashine za picha ya kifua na vipimo vya makohozi katika halmashauri zinazopeleka watu. Hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, imekwisha kupata ujuzi kwa kuwapima wachimbaji wa tanzanaiti wa Mirerani. Ujuzi huo uletwe Kanda ya Ziwa. Mchimbaji mdogo naye afunguliwe mlango wa hiari katika mfuko wa fidia, kwa mchango mdogo unaokatwa sokoni anapouza dhahabu yake.

La nne ni bima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Utekelezaji wake utapimwa kwa kaya kama hizi zilizogawanyika. Kadi moja ya kaya, ikiwa mikononi mwa mama aliye Samuye, haimsaidii kijana aliyevunjika mguu Mgusu. Kila mwanakaya awe na utambulisho wake, na kituo chochote nchini kimpokee.

La tano liko mikononi mwa watoa huduma tangu kesho asubuhi, wala halihitaji waraka kutoka Dodoma. Ni maswali mawili ya kuongezwa kwa kila mgonjwa: “Umefanya kazi wapi mwaka huu?” na “Unatarajia kusafiri lini?” Swali la kwanza hufichua vumbi na zebaki. Swali la pili humwezesha muuguzi kumpa mteja dawa za miezi mitatu au sita pale mwongozo unaporuhusu, na kumwandalia barua kabla hajaondoka. Maswali hayo yaulizwe kwa upole na mahali pa faragha, kwa maana mchimbaji aliyezoea kufukuzwa husikia kila swali kama tuhuma.

Mgonjwa naye ana sehemu yake, na ana haki. Anayetumia dawa za kifua kikuu au za kufubaza virusi, akijua atasafiri, apite kituoni siku moja kabla. Akiondoka ghafla, apige simu. Akifika ugenini aende kituo chochote cha umma na kusema wazi kwamba yuko kwenye dawa, aonyeshe kadi au hata kasha tupu la vidonge. Hapaswi kufukuzwa kwa kosa la kutoka wilaya nyingine. Aliyechimba kwa miaka mingi, akikohoa kwa wiki mbili au zaidi, akikonda au kutokwa jasho usiku, asiridhike na dawa ya kikohozi ya dukani. Apimwe makohozi, na aseme kwamba alikuwa mchimbaji. Familia inayoishi na mtu anayechoma zebaki imwombe aichomee mbali na nyumba, mbali na mama mjamzito na watoto, hadi siku atakapopata njia nyingine ya kuchenjua.

Tarehe 11 Agosti 2025 ardhi ilititia katika mgodi wa wachimbaji wadogo wa Nyandolwa, Wilaya ya Shinyanga, na watu 25 wakafukiwa. Katika msiba wa namna hiyo, swali la kwanza la waokoaji popote duniani ni nani waliomo chini, na wametoka kwa nani. Swali hilo lisisubiri ardhi ititie. Nchi inayoongezeka watu karibu milioni mbili kila mwaka haiwezi kumfahamu kila mtu kwa sura. Inaweza kumfahamu kwa utaratibu: kuandika alikotoka, anakokwenda na dawa anazotumia, na kuhakikisha kwamba popote atakapougua yuko mtu mwenye vifaa na nia ya kumpokea.